Fundi Aliyeuliza Kasi ni ya Nini

Ukimpelekea Fundi kompyuta yako, hakuanza kwa kuitazama kompyuta. Alikutazama wewe, mikono kwanza. Kisha alisogeza kigoda, akakukaribisha, akauliza swali ambalo watu wa Ngamiani walilizoea lakini halikuacha kuwakera.

"Unataka kasi. Haya. Kasi ya nini?"

Ungemjibu kwamba ni ya kazi, kwa sababu kila mtu alijibu hivyo. Sikuwahi kumsikia mtu mzima akiingia kwenye karakana ile ya Barabara ya Tisa na kusema anataka prosesa mpya ili acheze. Wote walikuwa watu wa kazi. Ukiwasikiliza, ungedhani miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na meli zikashusha kompyuta za mitumba pamoja na friji na baiskeli, Tanga nzima ilikuwa haina muda hata wa kunywa kahawa.

"Kazi gani?" Fundi aliendelea.

"Kazi za ofisi."

"Ofisi ipi?"

Hapo ndipo mteja alipoanza kutazama saa yake.

Nilimfahamu kwa zaidi ya miaka ishirini. Mimi nilikuwa na chumba cha kuchapa nyaraka mtaa wa pili kutoka kwake: barua za maombi, mikataba ya viwanja, kadi za harusi, karatasi za mitihani. Nilianza na mashine za taipu, yeye akinitengenezea, na kompyuta zilipoingia tuliingia nazo pamoja. Sote tulimwita Fundi. Hata mkewe alimwita Fundi, tena kwa sauti ya mtu anayeita gari lililomwacha.

Alikuwa mwembamba, mrefu, na alivaa suti ya Kaunda ya rangi ya maziwa ya chai. Mifuko yake minne ilijaa bisibisi, ukiinama naye kutazama kitu ulisikia mlio kama wa kabati la vijiko. Kabla hajafungua kompyuta yoyote alishika nondo za dirisha kwa mikono miwili, akafumba macho, akavuta pumzi. Watu walisema anaomba. Wengine walisema si maombi, ni mambo mengine, na mama mmoja wa mtaani kwetu alikataa kabisa kupeleka pasi yake pale. Mimi nilimuuliza.

"Natoa umeme wa mwilini," alinijibu. "Hivi vidude ukivigusa na umeme wako vinakufa kimya kimya."

"Na kufumba macho?"

"Kufumba macho ni uchovu, mwanangu. Nimeamka alfajiri."

Vumbi alilipuliza kwa pampu ya baiskeli. Skrubu alizipanga kwenye kisahani cha kahawa kwa mpangilio alioujua mwenyewe, na ole wako ukisogeza kisahani. Alikuwa mpole hadi hapo tu. Siku moja muuza kahawa, jirani yake, alikichukua kisahani kimoja kwa makosa, akamwaga skrubu uani. Fundi hakumsemesha kutoka Mfungo Mosi hadi karibu na Maulidi, na muda wote huo aliendelea kunywa kahawa yake kila asubuhi, akiagiza kwa vidole.

Swali lake halikuzaliwa na kompyuta. Alikuwa nalo tangu enzi za redio, miaka ya dhiki, tulipopanga foleni ya sabuni tangu alfajiri na betri za redio tukizianika juu ya bati ili zipate uhai wa siku mbili zaidi. Vipuri havikuwapo. Redio ikifa, Fundi alilazimika kuifufua kwa viungo vya redio nyingine iliyokufa zamani. Kwa hiyo alimuuliza mwenye redio, "Unasikiliza nini?" Akisema taarifa ya habari tu, Fundi alitengeneza upande huo tu wa mawimbi, na viungo vilivyobaki alimpa mwingine.

Tatizo ni kwamba watu walidanganya. Mzee mmoja wa heshima zake alisema yeye ni habari tu, habari na mawaidha. Fundi akamtengenezea hivyo. Baada ya wiki mzee akarudi, akasimama mlangoni akikohoa.

"Fundi, ile redio haishiki ng'ambo."

"Ng'ambo kuna habari gani, mzee wangu?"

Mzee alitazama huku na huku, akainamisha kichwa. "Kuna taarabu," alinong'ona.

"Ungesema," Fundi akamjibu, akachukua bisibisi. "Mimi si mkeo."

Kompyuta zilipoingia alikuwa mtu mzima tayari, mvi kwenye ndevu. Wenzake wa redio waliziogopa. Yeye alinunua moja iliyokufa, akaifungua na kuifunga mara nyingi hadi mkewe akatishia kuihamishia bandani kwa kuku. Alisoma vitabu vyake vya maelekezo kwa kamusi, neno baada ya neno, na baadaye alitueleza mambo yale kwa namna yake ambayo sijapata kusikia nyingine iliyo nyepesi zaidi.

"Prosesa ni karani," alisema. "Memori ni meza yake. Diski ni kabati. Wewe una karani wa kawaida, na meza yake ni ndogo kama stuli. Kila akitaka karatasi mbili, moja lazima airudishe kabatini. Sasa unaniambia tumfukuze karani tulete mkimbiaji. Mkimbiaji naye atakaa kwenye stuli ile ile. Utakachopata ni mtu anayekimbia kwenda kabatini."

Watu walicheka, kisha wakasema wanataka mkimbiaji vilevile.

Kulikuwa na bwana mmoja aliyestaafu kwenye mashamba ya mkonge, katibu wa chama cha mazishi cha mtaani kwao. Alikuja na mashine yake akidai ni nzito, haiwezi hesabu za chama, anahitaji prosesa kubwa kabisa iliyopo mjini. Fundi akamwomba aiache hadi alasiri. Aliporudi, mimi nilikuwepo, nimepeleka kibodi yangu iliyomwagikiwa na chai.

"Nimeiwasha," Fundi alisema. "Nimeona jedwali moja la michango. Halafu nimeona michezo ya karata, ya aina sita."

"Hiyo ilikuja na mashine," bwana yule alisema haraka.

"Aina moja ilikuja na mashine. Bwana mkubwa, marehemu wenu siku hizi mnawazika kwa kopa na shupaza?"

Yule bwana alinitazama kama mimi ndiye niliyemshitaki. Kisha kicheko kikamtoka, akakaa kwenye kigoda. Alieleza kwamba mkewe alikuwa amekwenda kukaa kwa binti yao, nyumba imekuwa kimya, na karata ndizo zinazomfikisha saa ya kulala. Fundi hakumcheka tena. Alimwambia kwa karata ile mashine yatosha miaka kumi, akamsafishia kipanya kilichokuwa kikikwama, na kila Ijumaa jioni tangu hapo yule bwana alikuja karakana kucheza karata za mkononi na muuza kahawa.

Huyo Fundi ndiye mtu ambaye mimi, siku moja, niliamua kumzunguka.

Ilianza pale bwana mmoja mgeni alipofungua chumba cha kuchapa ng'ambo ya barabara, mkabala na changu. Aliweka kibao cha rangi nyekundu chenye maneno KOMPYUTA YA KISASA, KASI YA AJABU. Mashine yake kweli ilikuwa mpya, prosesa yake ya megahezi mia na ushei. Yangu ilikuwa thelathini na tatu. Wateja wangu wakaanza kuvuka barabara. Walivuka kwa adabu, wakinisalimia kwanza, na hilo liliuma zaidi.

Nikaenda kwa Fundi. "Shikamoo, Fundi. Nataka prosesa."

"Marahaba. Kasi ya nini?"

"Usinianze na mimi. Unaijua kazi yangu."

"Naijua ofisi yako. Kazi yako sijaiona. Kesho nakuja."

Alikuja kesho yake saa mbili asubuhi na mfuko wa tende na vikombe viwili vitupu. Akakaa kwenye benchi la wateja, nyuma yangu. Kila kazi yangu iliposimama, alikula tende moja. Nikisimama mimi kwa sababu zangu, kokwa ilikwenda kikombe cha kushoto. Ikisimama mashine, mimi nikingoja, kokwa ilikwenda kikombe cha kulia. Alikaa hivyo hadi adhana ya adhuhuri. Wateja walinong'ona, mmoja aliniuliza kama yule ni mtu wa kodi.

Mwishowe akanionyesha vikombe. Cha kushoto kilikuwa kimejaa pomoni.

"Hizi ni salamu zako," alisema. "Hizi umekwenda kuchungulia kibao cha jirani. Hizi mwandiko wa mteja hausomeki, ukamwita akusomee. Hii moja ulikuwa unacheka peke yako, sijui nini. Sasa tazama kulia. Kokwa chache, na karibu zote ni printa. Ukichapisha, huwezi kuandika, unakaa unaitazama. Mashine ndiyo inayokusubiri wewe, mwanangu. Nakuongezea memori, na hiyo printa naitengeneza, inahema kama mwenye pumu. Prosesa yako haina kosa."

Alisema kweli yote, na hiyo ndiyo iliyonichoma. Nilitaka kuambiwa kwamba kosa ni la mashine. Nikamwambia nitafikiri. Wiki ile ile nikanunua prosesa kwa mfanyabiashara mmoja aliyekuwa akipitisha vitu kutoka Mombasa. Ilikuwa imefungwa kwenye karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. "Megahezi mia," aliniambia. "Hii ukiiweka, jirani atafunga."

Nilimpata jamaa wa kuifunga, mtengeneza televisheni, mcheshi sana. Hakugusa nondo za dirisha. Aliitoa ya zamani, akaweka mpya, akawasha. Kwa muda kidogo ilikwenda, na kweli ilikwenda mbio, hata mimi nikapiga kigelegele. Kisha ikatoka harufu kama ya ndizi mbivu iliyoungua. Kioo kikawa cheusi. Yule jamaa akasema labda ni joto la Tanga, akakusanya vyombo vyake, akakumbuka kwamba ana msiba.

Ilikuwa Jumamosi. Ndani ya mashine ile kulikuwa na mitihani ya majaribio ya shule za sekondari za wilaya nzima, niliyoichapa wiki mbili, na asubuhi ya Jumatatu mwalimu mratibu angekuja kuchukua stensili. Kazi ile ndiyo iliyokuwa ikinishikilia mjini. Na mratibu alikwishaniambia, kwa upole, kwamba jirani yangu naye ameiomba.

Nilikaa nikaitazama ile mashine hadi alasiri. Nikajitanda kanga, nikaenda Chuda, nyumbani kwa Fundi. Katika miaka yote ile sikuwahi kufika kwake. Watu wa kazi tulionana kazini. Mkewe, mama mnene mwenye sauti nzito, alikuwa barazani akichambua mchele. Nikampa shikamoo, nikauliza kama Fundi yupo.

"Hayupo," alisema bila kuinua macho kwenye ungo.

"Amekwenda wapi, mama?"

"Yuko angani."

Nikadhani nimesikia vibaya. Akaashiria kwa kidevu chumba cha uani. "Tangu arudi sala ya adhuhuri. Kaniambia nisimsemeshe, atafika Maskati jioni. Nenda kamteremshe, mwanangu, mimi nimechoka."

Nikasogea mlangoni. Fundi alikuwa amekaa wima mbele ya kompyuta, amevaa msuli na fulana, kofia yake ya kiua kichwani, ameshika kijiti cha kuongozea ndege kwa mikono miwili. Kwenye kioo kulikuwa na mawingu, bahari, na ncha ya bawa. Kompyuta yenyewe sikupata kuiona mfano wake: ubavu wake ulikuwa wazi, na ndani mlikuwa na feni kubwa ikivuma juu ya prosesa mpya kuliko hata ya jirani yangu. Mtu aliyeukatalia mji mzima kasi alikuwa nayo yote nyumbani kwake.

"Fundi," nikasema.

Aliruka. Kijiti kikaenda upande, bahari ikainuka, ikajaza kioo, halafu kila kitu kikasimama. Tukatazamana. Sijui nani aliona haya zaidi.

"Umeniua," alisema polepole. "Nilikuwa nimebakiza saa moja tu."

Nilikuwa nimekuja kulia. Badala yake nikaanza kucheka, na nilipoanza sikuweza kusimama. Nikaketi chini kwenye mkeka nikicheka na kulia pamoja, na yeye akangoja, kama alivyongoja wateja wote.

"Umeiunguza," alisema nilipotulia.

"Umejuaje?"

"Hukuja hapa kunipa pole ya ajali. Megahezi mia, siyo? Ile hula voliti tatu na kitu. Ubao wa mashine yako unatoa tano. Umempa mtoto mchanga pilau."

Nikamwambia kuhusu mitihani. Nikamwambia pia, kwa sababu nilikuwa na hasira bado, kwamba yeye ni mnafiki, ananinyima mimi mwenye kazi, kumbe yeye anacheza.

Hakukasirika. Alivua miwani akaifuta kwa ncha ya msuli. "Mimi nilipoinunua hii," alisema, "nilijiuliza kasi ya nini, nikajijibu ya kuruka. Sikusema ya kazi. Mchezo huu unakula prosesa kama moto. Bila ya hii, ndege inakwenda kwa kushtukashtuka. Sikukuzuia kununua, mwanangu. Nilikuzuia kujidanganya. Ungeniambia unataka kumkomoa jirani, ningekutafutia kibao kikubwa kuliko chake."

Mkewe alicheka kule barazani. Alikuwa akisikiliza yote.

"Umewahi kupanda ndege, Fundi?" nikamuuliza.

"Wapi! Hata meli ya Unguja natapika."

Kisha akazima mashine. Alizima feni ile kubwa, akachomoa nyaya moja moja, akaibeba kompyuta yake kifuani kama mtu aliyebeba mgonjwa. Tuliifunga kwenye baiskeli yake kwa mpira, yeye akiisukuma, mimi nikiishika kwa nyuma, na hivyo ndivyo tulivyovuka mji siku ile, watu wakituuliza njia nzima ni nani amehama. Ofisini akashika nondo za dirisha, akafumba macho, akaifungua mashine yangu. Diski ilikuwa nzima. Akaihamishia kwenye ile ya kwake, akawasha, na mitihani yote ikajitokeza kioo kizima, kuanzia Kiswahili hadi Kilimo. Akabaki hadi jua linazama akitengeneza printa.

Jumatatu mratibu alichukua stensili zake, akasema safari hii herufi zimetoka vizuri. Sikumweleza.

Nilikaa na mashine ile zaidi ya mwezi, hadi Fundi aliponipatia ubao mwingine na prosesa ya thelathini na tatu kama ya mwanzo, pamoja na memori mara mbili. Ilinitosha kwa miaka mingi. Muda ule wote alikuwa akipita ofisini saa za mchana, eti kukagua feni. Nilianza kwenda kula chakula changu nyumbani kwa dada yangu ili nimwachie nafasi, na nikirudi nilikuta kiti kimesogezwa, na mara moja nilikuta wateja watatu kwenye benchi, kimya kabisa, wakimtazama anatua Nairobi. Jirani yangu wa kibao chekundu alikuwa mmoja wao. Baadaye alikuwa akija kuazima kwangu utepe wa printa, na mimi nilimpa, na wateja wakagawanyika tu kama watu wanavyogawanyika kati ya vioski viwili. Hakuna aliyefunga.

Fundi alifunga karakana macho yalipomshinda. Mimi niliendelea na ofisi yangu, miaka ikapita, na habari ya mwisho niliyokuwa nayo ni kwamba amehamia Kigombe, kwa upande wa mkewe, na kwamba mkewe amefariki. Matanga sikuwahi, nilikuwa nauguza. Kwa hiyo siku moja nilipokuwa nikitoka Pangani nikateremka Kigombe, nikauliza, nikaonyeshwa nyumba ya makuti yenye sakafu ya saruji.

Nilimkuta jikoni, moshi umemzunguka, amekonda zaidi, miwani minene kama chini ya glasi. Nilimpa shikamoo na mkono wa pole. Aliipokea, akanishika mkono kwa muda mrefu.

"Umekuja saa nzuri," alisema. "Chakula kiko tayari."

Alinipakulia wali na mchuzi wa pweza. Wali ulikuwa umeshikana, unakatika vipande. Tui lilikuwa limekatika, linaelea kama sabuni. Pweza nilimtafuna, nikamtafuna, nikamhamishia shavu la pili nikamtafuna tena. Fundi alikuwa amekaa mbele yangu, anasikiliza taya zangu.

"Sema," alisema.

"Kizuri, Fundi."

"Mwanangu."

Nikameza kwa shida. "Pweza hukumpiga. Na tui umeliacha likachemka bila kukoroga. Wali sijui umeufanya nini."

Alitikisa kichwa polepole. "Hapa majirani wote wanasema kitamu. Wananionea huruma. Miaka arobaini nilikula vya yule mama, sikuwahi hata mara moja kusimama nikatazama anafanyaje." Akaondoa sahani mbele yangu. "Sijui kupika, mwanangu. Na sina wa kumuuliza. Nifundishe."

Kwa hiyo nilivua viatu, nikajifunga kanga kiunoni. Alimtuma jirani pwani kwa pweza mwingine. Nilimwonyesha kumponda juu ya jiwe, akamponda yeye, kwa zamu, akihema, mpaka mikia ya yule pweza ikalegea. Nilimshika mkono kwenye mwiko akakoroga tui kwa upande mmoja bila kuacha, na alikoroga kwa uangalifu ule ule aliofungulia skrubu, akiuliza kila hatua ni kwa nini. Nilikosa basi la kwanza. Tulipoonja mara ya pili, chumvi ilikuwa imezidi kidogo lakini pweza alitafunika, na Fundi aligeuzia uso ukutani, kijiko bado mkononi.

"Inakaribia," alisema. "Yake haikuwa na chumvi hivi. Lakini inakaribia."

Alinisindikiza hadi barabarani akiwa bado na mwiko. Basi liliposimama nikampa mkono, nikapanda, na kondakta alikuwa ameshagonga bodi niliposikia Fundi anapaza sauti nje ya dirisha, anatembea upesi kando ya basi kwa miguu yake mirefu.

"Kitunguu! Umesema kabla ya nyanya au baada?"

"Kabla!" nikamjibu kwa sauti, na abiria wote wakageuka. "Kabla, Fundi!"

Aliinua mwiko kuonyesha amesikia, akarudi jikoni.